Tabaka la Kumi na Mbili

Kambi ya Ujenzi wa Daraja,
Kiranjeranje, Kilwa.
13 Oktoba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umemaliza kupalilia, na presha ya mama imetulia. Sisi wanao huku ni wazima. Lukas amekonda kidogo, lakini anakula na kazini anakwenda.

Nakuandikia kuhusu kazi, kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha na hapa sina wa kumuuliza. Daraja lenyewe limekwisha. Tulichokuwa tunajenga ni tuta la kuliunganisha na barabara upande wa Lindi. Kimo chake ni mita tano, na tumelipandisha tabaka kwa tabaka. Udongo unamwagwa, unanyunyiziwa maji, mtambo wa Lukas unapita juu yake mara nane kuushindilia, kisha mimi napima. Nafanya vile vile ulivyonionyesha: nachimba kishimo, napima uzito wa udongo niliotoa, naukausha jikoni, halafu namimina mchanga mkavu shimoni ili nijue ukubwa wake. Mkataba unataka mshindilio wa asilimia tisini na tano. Tangu tabaka la kwanza hadi la kumi na moja hatukushuka chini ya tisini na sita.

Tabaka la kumi na mbili likatoa themanini na sita. La kumi na tatu, themanini na saba. Nilidhani nimekosea, nikarudia mahali pengine patatu. Majibu yakawa yale yale. Nikaandika kwenye daftari, nikampelekea Mhandisi Valentini, mkuu wetu wa kambi. Hakukasirika. Aliniambia nikanywe chai kwanza. Niliporudi kutoka kwenye chai nikakuta tipa zinamwaga udongo wa tabaka la kumi na nne juu yake.

Juzi tuta limefika juu. Leo ameniita, akanipa daftari jipya, akaniambia niinakili kazi yote kwa mwandiko safi, na kwamba kwenye yale matabaka mawili niweke tisini na sita. Alisema mgeni rasmi anakuja, wanunuzi binafsi wa korosho wanalilia barabara ifunguliwe kabla ya mvua, na siku hizi kampuni ikichelewa mara moja haipewi kazi tena. Aliyasema yote kwa upole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa. Nikamjibu nitafikiri.

Baba, mlipokuwa Idara ya Ujenzi, mhandisi akikuambia hivyo ulikuwa unafanya nini?

Ni mimi mwanao,
Dativa

*

Rondo,
21 Oktoba 1997

Mwanangu Dativa,

Marahaba. Barua yako imefika jana kwa mkono wa mwalimu. Nimeisoma mara tatu, mama yako akaniuliza kuna msiba gani.

Udongo uliopita kwenye vipimo mara kumi na moja haubadiliki bila sababu. Ama maji yalizidi au kupungua, ama tabaka lilimwagwa nene mno, ama mtambo haukupita inavyotakiwa. Unyevu ulikuwa kiasi gani? Na unene? Hukuniandikia. Niandikie.

Kuhusu swali lako. Ulichopima ndicho unachoandika. Waliponipunguza kazi mwaka tisini na tatu niliwakabidhi madaftari ya miaka ishirini na miwili, na hakuna ukurasa hata mmoja nilioogopa wasome. Mwambie Mhandisi kwa adabu kwamba huwezi. Usibishane naye mbele ya watu. Nakala za kaboni weka mahali pako mwenyewe, si ofisini.

Mama anakusalimu.

Baba yako,
Ambrosi Nandonde

*

Rondo,
21 Oktoba 1997

Lukas,

Dada yako ameniandikia kwamba tabaka la kumi na mbili na la kumi na tatu hayakushindiliwa sawasawa. Yeye hajakutaja kwa ubaya, wala hakushuku. Mimi nimekaa juu ya mitambo hiyo kabla hujazaliwa. Najua udongo huo ulikosa nini.

Ulikuwa wapi siku zile? Nijibu mwenyewe, na usimwonyeshe dada yako barua hii.

Baba

*

Kambini,
30 Oktoba 1997

Baba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku nne nikitafuta namna ya kuijibu.

Kuanzia tarehe 29 Septemba hadi tarehe 2 Oktoba sikuwapo kazini. Nilikuwa Somanga. Baba, nina mke. Anaitwa Biasha, kwao ni Somanga, baba yake anauza samaki wa kukaanga pale mabasi yanaposimama. Tulifunga ndoa bomani mwezi wa Februari. Sikuwaambia kwa sababu yeye ni Mwislamu nami nilijua mama atasema nini, na kila mara nilijiambia nitawaeleza nikija likizo. Siku ile nililetewa habari kwamba uchungu umemshika na mtoto amekaa vibaya. Nikaomba ruhusa, Mhandisi akakataa, akasema hana dereva mwingine. Nikaondoka hivyo hivyo. Mtoto alizaliwa tarehe 30, wa kiume. Mama yake alitokwa na damu nyingi, nisingeweza kumwacha.

Nilimwomba Xaveri, dereva wa tipa, anisaidie kuuendesha mtambo. Hakuuzoea. Aliupitisha mara tatu hivi, akaogopa ukingo, akauegesha. Dativa hakujua: wiki ile mtambo ulifanya kazi usiku, yeye hupima asubuhi, na wenzangu walimwambia nimelala.

Niliporudi, Mhandisi hakunigombeza. Aliniwekea mezani ile fomu inayoonyesha mtambo umepita mara ngapi kwenye kila tabaka. Akaniambia, "Jaza kama unavyojaza siku zote." Nikajaza nane, na nane. Nikatia sahihi.

Sasa Dativa amekataa kubadilisha namba zake. Akishikilia, wataileta fomu yangu, na mimi ndiye nitakayeonekana mwongo, si Mhandisi. Nitafukuzwa na labda nitafungwa. Mtoto ana mwezi mmoja. Baba, wewe ukimwambia Dativa atakusikia. Nakuomba.

Lukas

*

Rondo,
6 Novemba 1997

Mwanangu Dativa,

Nimefikiri upya juu ya lile jambo lako. Mimi nilifanya kazi enzi nyingine, chini ya serikali, ambapo mtu hakufukuzwa kwa siku moja. Wewe uko kwenye kampuni ya watu. Matabaka mawili kati ya ishirini na tano si mengi, na huenda uzito wa yale ya juu umeyabana yenyewe.

Andika kama Mhandisi alivyokuomba. Sikuamuru. Nakuomba, kama baba yako, na usiniulize zaidi.

Ambrosi Nandonde

*

Rondo,
6 Novemba 1997

Lukas,

Nimemwandikia dada yako ulichotaka. Mkono ulikuwa mzito.

Umenificha mke na umenificha mtoto, na hilo tutazungumza tukionana. Mama yako sijamwambia. Namjua, akisikia kwa maneno atalala kitandani wiki nzima, lakini akimwona mtoto kwa macho mambo yatakuwa mengine. Kwa hiyo mlete mkwe wangu na mtoto kabla ya Krismasi. Wewe huwezi kupata ruhusa, basi wapande wenyewe basi la Jumamosi tarehe 29 Novemba. Nitawapokea Mnazi Mmoja.

Umempa jina gani? Hukusema.

Baba

*

Kwa Bi Mwahija,
Kiranjeranje.
15 Novemba 1997

Baba,

Shikamoo.

Anwani imebadilika kama unavyoona. Bi Mwahija ndiye anayepika chakula cha mafundi. Amenipa chumba cha uani. Nilifukuzwa tarehe 11, na barua yako ikanifikia tarehe 13. Kwa hiyo hata kama ningetaka kukutii, nisingekuwa na daftari la kuandikia.

Nilifanya ulivyoniambia kwanza. Nilimkatalia Mhandisi Valentini kwa adabu. Kesho yake daftari langu halikuwepo kabatini, na mahali pake palikuwa na jipya, limeandikwa na mtu mwingine, lenye tisini na sita kila ukurasa. Nikazichukua nakala za kaboni, nikazituma Lindi kwa Mhandisi Klementi, yule mshauri anayesimamia kazi kwa niaba ya serikali. Alikuja mwenyewe. Unyevu tuliukagua ukawa sawa, unene ukawa sawa. Akasema basi tuone mtambo ulipita mara ngapi. Wakaleta fomu, mara nane kila tabaka, sahihi ya Lukas. Mzee yule akavua miwani akaniambia kwamba kama udongo ni sawa, maji ni sawa na mtambo umepita, basi kasoro iko kwenye upimaji wangu. Pengine mchanga wangu ulikuwa na unyevunyevu. Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama pale. Mhandisi Valentini alinifukuza kabla gari la mshauri halijaondoka.

Nilimfuata Lukas, nikamuuliza ulipita mara ngapi. Alisema nane. Hakunitazama.

Ninalokuuliza wewe ni hili. Barua yako ya Oktoba na hii ya Novemba zimeandikwa na mtu mmoja? Nimekaa uani kwa watu nikijiuliza yale madaftari ya miaka ishirini na miwili uliyajazaje. Sikupenda kuliwaza hilo, na wewe ndiye uliyeniwazisha. Kama kuna sababu, niambie, nitakusikiliza. Kama hakuna, sijui nitaanzaje kukuandikia tena.

Tuta limefunguliwa kwa magari tangu wiki iliyopita. Mvua imeanza, na si kama za miaka mingine. Ukingoni, upande wa kushoto ukielekea Lindi, kuna ufa mwembamba. Leo unaingiza ukucha.

Dativa

*

Kambini, ng'ambo ya daraja,
25 Novemba 1997

Dada Dativa,

Nampa Bi Mwahija barua hii kwa sababu Mhandisi amekataza mtu yeyote wa kambini asizungumze nawe, na pia kwa sababu uso kwa uso nisingeweza.

Nimekuona kila asubuhi ukija na rula kupima ule ufa. Jana uliingiza vidole viwili. Magari yanakupigia honi, nawe unasogea, yakishapita unarudi unapima. Mimi nimekaa juu ya mtambo nakutazama.

Sikupita mara nane. Sikuwapo kabisa. Nilikuwa Somanga kwa mke wangu ambaye hamumjui, alikuwa anajifungua. Xaveri aliupitisha mtambo kidogo tu, nami niliporudi nikaijaza fomu na kutia sahihi. Baba alijua tangu mwisho wa Oktoba. Nilimsihi akuandikie ubadilishe. Usimchukie yeye, aliniokoa mimi.

Ningeweza kunyamaza hadi leo. Baba amesema nimpeleke Biasha na mtoto Rondo, wapande basi la Jumamosi hii. Nilifurahi sana. Jana nilipokuwa namwandikia Biasha ajiandae, nikafika mahali pa kumweleza basi linapita wapi, na mkono ukagoma. Nikachana ile karatasi. Nikaandika nyingine, nikamwambia asipande, asije akapanda kwa sababu yoyote, nikampa dereva wa lori la chumvi ampelekee.

Baada ya kumtuma dereva nikakaa. Basi la Jumamosi litapita hivyo hivyo, bila Biasha, limejaa watu. Tangu jana sijala.

Niambie niende wapi na niseme nini, nitasema. Lakini twende wote wawili. Peke yangu nitageuka njiani.

Lukas

*

Kiranjeranje,
7 Desemba 1997

Baba,

Shikamoo. Barua hii anakuja nayo mtu anayetembea kwa miguu hadi atakapopata gari upande wa pili, kwa sababu njia imekatika. Nitakueleza kwa utaratibu.

Barua ya Lukas niliipata jioni ya tarehe 25. Alfajiri nikavuka daraja. Kwenye tuta nilipita katikati kabisa, kama mtu anayepita kwenye sakafu mbovu. Lukas alikuwa ananingoja upande wa pili, amevaa shati lake la kanisani. Hatukusalimiana. Tulipata lori, tukakaa juu ya magunia, na hadi Lindi tulizungumza mara moja tu, nilipomuuliza mtoto anaitwaje. Akaniambia Ambrosi. Nikageuka upande wa pili ili asinione.

Mhandisi Klementi alikuwa anatoka kwenda mkutanoni. Alipotuona alisema hana nafasi ya mambo yaliyokwisha. Lukas akasema, "Mzee, ile sahihi ni yangu na ni ya uongo." Ndipo akarudi ndani, akafunga mlango.

Alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akamuuliza kama anaelewa kwamba maneno hayo yakiandikwa hayafutiki, na polisi watayasoma. Lukas akasema anaelewa. Mzee akanisukumia karatasi niandike mimi, kwa sababu mwandiko wangu aliufahamu kwenye zile nakala. Baba, nimeandika namba maelfu kwenye kazi hii, lakini kuliandika jina la mdogo wangu chini ya maneno yale kulinishinda mara ya kwanza, nikaharibu karatasi. Ya pili nikaimaliza. Niliandika kwamba Xaveri alipita mara tatu, kama Lukas alivyokwisha kutuambia. Lukas akaisoma taratibu, akanirudishia. "Xaveri aliniambia mbili," alisema. "Tatu ni mimi niliyeongeza. Andika mbili."

Kesho yake mshauri akaja na vibarua wanne. Walichimba ubavuni hadi usawa wa tabaka la kumi na mbili. Aliingiza mkono mwenyewe. Udongo ulitoka kwa vidole, umelowa kama uji mzito. Alisimama pale mvua inamnyea, kisha akaagiza barabara ifungwe saa ile ile. Lukas aliuleta mtambo akauegesha mbele ya tuta, akazima, akampa mshauri ufunguo.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko kufukuzwa. Mabasi yalipanga foleni pande zote mbili. Watu walilala njiani na watoto na kuku. Walipojua ni mimi niliyesababisha, walinitukana matusi ambayo sitayaandika. Kondakta mmoja alinifuata hadi mlangoni kwa Bi Mwahija, akasema yeye amepita pale kila siku kwa wiki tatu na tuta ni zima, sisi tunatafuta sifa. Mgonjwa mmoja alivushwa kwa machela kwa miguu. Nilianza kuomba Mungu lianguke, halafu nikaogopa ombi langu.

Jumapili tarehe 30, saa saba mchana, lilikwenda. Halikupiga kelele nyingi. Ule ufa ulifunguka, upande mzima wa kushoto ukateleza kuelekea mtoni, na nusu ya barabara ikaufuata. Maji yakawa mekundu. Hakukuwa na gari juu yake wala mtu. Watu walishuka kwenye mabasi wakasogea kuona. Yule kondakta alikuja akasimama karibu yangu. Alikuwa anakula muhogo wa kuchoma. Akaukata, akanipa nusu, nasi tukala tukitazama.

Daftari langu lilikutwa ndani ya droo ya Mhandisi Valentini. Ameitwa Dar es Salaam na hatujasikia zaidi. Lukas amefutwa kazi na kunyang'anywa leseni ya mtambo. Kila Jumatatu anaripoti polisi, na hakuna anayeweza kutuambia itaishia wapi. Yuko Somanga kwa mkewe, anamsaidia baba mkwe. Mimi mshauri amenirudisha. Tutaanza kuchimba upya mvua zikipungua. Nilipopewa daftari jipya nilidhani nitafurahi. Sikufurahi. Nilimkumbuka Lukas akisema "andika mbili".

Sasa nimejua kwa nini uliniandikia ile barua ya Novemba. Nimekuelewa, baba, lakini sijamaliza kuumia. Ungeniambia kweli ningelia, na sijui ningefanya nini. Labda ningeandika tisini na sita. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Mwanao,
Dativa

*

Rondo,
20 Desemba 1997

Mwanangu Dativa,

Marahaba, mama.

Madaftari yale niliyajaza vile nilivyokuambia, na sina namna ya kukuthibitishia. Kabla ya Novemba nisingehitaji. Nilikuomba uandike uongo. Nilijua tuta lile litapitiwa na watu, nikakokotoa kwamba pengine litahimili, na sikuwa na kipimo chochote mkononi isipokuwa hofu ya mwanangu kufungwa. Ungenitii, na wewe ungekuwa na mzigo huo hadi leo. Nisamehe. Lukas nimemwandikia barua yake peke yake.

Mama yako nimemweleza yote: Biasha, mtoto, fomu ya Lukas, na la kwangu. Nililiacha hilo la mwisho hadi mwisho, na ndilo lililomwudhi zaidi. Aliniambia, "Miaka yote unanificha mambo kwa kisingizio cha presha." Akajilaza kitandani siku mbili. Nilikuwa naenda kumwita nesi.

Leo asubuhi nimemkuta anafunga mzigo. Ametia kanga mbili mpya, unga wa muhogo, na blanketi uliyolalia wewe ulipokuwa mchanga. Nikamwambia barabara imekatika, magari hayapiti. Akaniuliza kama miguu yangu nayo imekatika.

Tunaondoka kesho. Tutafika hapo Jumanne, Mungu akipenda. Uje ukingoni utuvushe.

Baba yako,
Ambrosi